Urudufishaji na Picha ya Papo: Nakala Mbili Zisizofanana

Mwanafunzi wa mofolojia alisikiapo neno urudufishaji hukumbuka polepole na kidogokidogo. Katika taaluma ya tarakilishi, istilahi hiyo yafaa kwa kazi nyingine: kila kinachoandikwa katika seva kuu huandikwa pia katika seva ya pili, ili ya kwanza ikiharibika ya pili ishike zamu. Lakini seva rudufu ni tiifu kupita kiasi. Jedwali likifutwa kwa makosa huku, hufutwa na kule. Picha ya papo, kwa upande wake, huhifadhi data jinsi ilivyokuwa wakati mmoja, wala haifuati mabadiliko ya baadaye. Kuziita zote nakala, kama ilivyo desturi, kunaificha tofauti hii.

Tarehe 31 Januari 2017 tofauti hiyo iliigharimu kampuni ya GitLab. Data ya seva rudufu ilikuwa imekwisha kuondolewa ili inakiliwe upya. Mhandisi, akidhani angali katika seva hiyo, akafuta data ya seva kuu. Takriban gigabaiti 300 zilitoweka. Chelezo za kila siku, yaani nakala za akiba, hazikuwapo: programu iliyozitengeneza ilikuwa ya toleo lisilooana na hifadhidata, na baruapepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa. Kilichookoa ni picha ya papo iliyopigwa takriban saa 6 kabla ya ajali, tena kwa ajili ya majaribio tu. Yaliyoandikwa katika saa hizo, zikiwemo akaunti mpya zipatazo 700, hayakurejea.