Shoka kwa Mmoja, Soko kwa Mwingine



Ndugu zangu wanafunzi, kila muhula tunaalikwa kwenye semina za ujasiriamali, na Kampala yetu ina vituo vya kulea biashara changa kama The Innovation Village na Hive Colab. Katika somo la muamalat nimekuwa nikijiuliza: je, kila mfanyabiashara asaidiwe kwa namna moja? Tuangalie Madina.

Masahaba wawili

Abu Dawud na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kisa cha Ansari aliyekuja kuomba. Mtume (s.a.w.) alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na tandiko na bakuli. Vikanadiwa, vikauzwa dirham 2: moja ya chakula cha familia, moja ya shoka. Mtume akatia mpini kwa mkono wake, akamtuma akate kuni na kumpa siku 15. Alirudi na dirham 10. Wapo wanazuoni walioidhoofisha sanad yake, lakini maana yake inaafikiana na hadithi sahihi zinazosifu kuchuma kwa mikono kuliko kuomba.

Bukhari naye amepokea kuwa Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina, Saad bin Rabi' alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko tu. Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqa, akaanza na jibini na samli.

Wa kwanza alihitaji chakula, kifaa na tarehe ya kurudi kukaguliwa. Wa pili alikuwa mfanyabiashara tayari. Alikosa habari za soko. Ungewabadilishia misaada, wote wawili wasingefika mbali.

Mikataba kwa hatua

1. Biashara ikiwa bado wazo: panafaa qardhi hasana, au zaka ikiwa mwenyewe ni miongoni mwa wanaostahiki (Tawba, aya ya 60). Hapa hakuna faida ya kugawana.

2. Ikishaanza kuuza, lakini mtaji ni mdogo: panafaa mudharaba. Mmoja hutoa mtaji, mwingine kazi. Faida hugawanywa kwa fungu walilokubaliana. Hasara ya mtaji ni ya mwenye mali, isipokuwa mfanyakazi awe amezembea au amevunja masharti.

3. Ikikua: panafaa musharaka, ambapo hasara hufuata kiasi cha mtaji wa kila mshirika, au murabaha ya kununulia mashine. Hatua hii haiwezekani bila daftari la hesabu.

Hali ya hapa kwetu

Mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, ulioanza 2022, uliwekwa kukopesha kaya hadi shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Mwislamu anakutana na mambo mawili: riba yenyewe, na kiwango kimoja kwa watu walio hatua tofauti. Kwa upande mwingine, sheria ya taasisi za fedha ilirekebishwa 2016 kuruhusu benki za Kiislamu, na Salaam Bank ilipata leseni 2023. Mlango umefunguka, alhamdulillah. Lakini benki huangalia biashara yenye kumbukumbu. Dada anayeuza hijabu hosteli hajafika hapo, na fundi mwenye cherehani moja chini ya kilima cha Old Kampala pia bado. Wakikosa mkono wetu, mlango ulio karibu nao ni wa mkopeshaji wa riba.

Pengo hilo jumuiya zetu zinaweza kuliziba hata kwa mfuko mdogo. Kabla ya kutoa shilingi moja, kamati iulize: Una nini mkononi? Umeshamuuzia nani? Daftari lako linasema nini? Kisha impe kinacholingana na majibu yake, na iweke siku ya kurudi, kama zile siku 15. Anayeshindwa kulipa kwa dhiki, Qur'an imetuagiza tumpe muda (Baqara, aya ya 280).

Tuanze na aliye karibu nasi kwenye safu ya swala. Wabillahi tawfiq.