Tusimfiche Tabibu

Somo: Wakolosai 4:14

Wapendwa, mtume Paulo, mtu wa sala, alikuwa na Luka tabibu karibu naye. Sala na matibabu havipingani.

Siku hizi baadhi ya vijana huvuta sigara za umeme. Hutoa mvuke, nao huzidhani salama. Lakini nyingi zina nikotini, ileile iliyomo katika ugoro. Ikizidi mwilini, moyo hudunda mbio, kichwa huzunguka, mtu hutapika.

Yakitupata hayo, tuache kuvuta mara moja, tutafute ushauri wa daktari. Kifua kikibana, pumzi ikipungua au mtu akizimia, tusingoje kuche. Twende Hospitali ya Mvumi. Tueleze kweli: tulivuta nini, kiasi gani, saa ngapi. Mwaka 2019 huko Marekani watu zaidi ya 2,000 walilazwa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na mvuke. Madaktari walipochunguza walichovuta wagonjwa, wengi walikuwa wamevuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E.

Wengine huficha kwa kuwaonea haya wazee wa kanisa. Aibu hiyo yaweza kuua.

Swali la kujadili nyumbani: Je, mtoto wetu akishikwa usiku, atathubutu kutuambia?