USIKATE PEMBEZONI! Mkasi Ulivyonikosesha Laki Moja

Somo hili ni kwa wanaouza vitu vya zamani mtandaoni.

Mwaka jana mzee mmoja hapa Tukuyu alikuwa anahama, akaniuzia boksi la vitabu kwa elfu kumi na tano. Chini kabisa nikakuta picha ya maigizo: Shylock yuko mahakamani na kisu mkononi. Ni ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, Mabepari wa Venisi, 1969. Pembeni palikuwa pamechakaa, nikakata kwa mkasi iingie kwenye fremu. Nikaposti.

Mteja wa Dar anayekusanya picha hizi akafika laki moja na ishirini. Akauliza: "Maandishi ya chini yanasemaje?" Yalishaenda jalalani. Akachukua kwa elfu ishirini.

Ndiyo nikakaa chini kujifunza. Shika haya:

1. Tafuta alama ya bamba. Picha nyingi za aina hii zilichongwa kwenye bamba la shaba, likapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Linabaki bonyeo kuzunguka picha; pitisha kidole utalisikia. Kuza kwa kamera ya simu: ukiona vidoto vimejipanga sawasawa kama wavu, hiyo ni nakala ya mashine ya kisasa.

2. Soma maandishi ya chini. Mara nyingi kushoto ni mchoraji, pamoja na neno la Kilatini pinxit. Kulia ni mchonga bamba, sculpsit. Sheria ya Uingereza ya 1735, aliyoipigania mchoraji William Hogarth, ilitaka tarehe iandikwe kwenye bamba. Ila angalia: bamba liliweza kuchapwa tena miaka mingi baadaye. Mwambie mteja "bamba la mwaka fulani", usimuapie kuhusu karatasi.

3. Usikate, usibandike selotepu, usipeleke laminesheni. Na kwa mvua zetu za Rungwe, weka juu, pakavu, mbali na ukuta wenye unyevu.

4. Piga picha mbele, nyuma na pembe zote nne. Kasoro itaje wewe kabla mteja hajaiona.

Mimi niliona uchafu, kumbe ndo ulikuwa ushahidi. Kabla hujakipendezesha kitu cha zamani, muulize kwanza anayekijua.

Wewe je, umewahi kuharibu mzigo kwa kutaka upendeze? Tuambie hapa chini, wenzio wajifunze.