Bwawa la Mtaani Limezeeka: Tulifukue, Tuliache au Tulifukie?

Katika vitongoji vya Minneapolis na St. Paul, jimboni Minnesota, ambako Wakenya na Waafrika wenzao wengi wamenunua nyumba, mitaa mingi ina bwawa lake lililochimbwa pamoja na barabara. Mengi yamezeeka. Tope limejaa, maji yamekuwa ya kijani, na mikutano ya wenye nyumba hugawanyika: huyu anataka lifukuliwe, yule lifukiwe, mwingine hataki kutoa hata senti. Mhandisi wa maji ya mvua anajibu maswali yanayorudi katika kila mkutano.

Tulipouziwa nyumba tuliambiwa ni ziwa dogo la kupendezesha mtaa. Kwa nini sasa tunaambiwa ni mzigo wetu?

Kwa sababu tangu mwanzo lilikuwa mtambo wa kusafisha maji. Sheria ya Maji Safi ya 1972 ilianza na viwanda na maji taka. Mwaka 1987 ikarekebishwa ili iguse pia maji ya mvua yanayotoka barabarani na kwenye mapaa. Kanuni za 1990 ziliibana miji mikubwa, na zile za 1999 zikafikia midogo. Ndipo wajenzi wakazidi kuchimba mabwawa. Maji yakiingia bwawani hutulia, mchanga huzama pamoja na fosforasi iliyoshikamana nao, kisha maji hutoka taratibu kuelekea mtoni au ziwani. Kwa hiyo tope hilo mnalolilalamikia ni uchafu ambao bwawa limeuzuia miaka yote hii usifike kwenye ziwa mnalovulia samaki. Limefanya kazi yake, na sasa linahitaji kusafishwa.

Bwawa ni la nani, letu au la mji?

Msibishane kabla ya kusoma ramani ya viwanja iliyosajiliwa kaunti. Mara nyingi ardhi ya bwawa ni ya chama cha wenye nyumba, HOA kama tulivyozoea kuiita, huku mji ukiwa na haki ya kupitisha maji juu yake. Wakati mwingine mpaka wa kiwanja cha mtu unafika katikati ya maji. Tafuteni pia mkataba wa matunzo uliotiwa saini wakati mtaa unajengwa, maana huo ndio unaotaja nani atafukua, nani atatengeneza bomba na nani atakata nyasi. Nimeona majirani wakigombana msimu mzima juu ya jambo ambalo karatasi mbili zilikuwa zimeshalimaliza.

Kwa nini tusilifukie tu, tupate uwanja wa watoto?

Hilo siwashauri hata kidogo. Mvua iliyokuwa ikiingia bwawani haitakoma kunyesha. Itatafuta njia nyingine, na pa karibu ni vyumba vya chini vya nyumba zenu na za walio bondeni. Tena mvua zenyewe zimepimwa upya. Mabwawa ya zamani yalisanifiwa kwa jedwali la mvua la 1961, ambalo kwa eneo hili lilihesabu karibu inchi 6 kwa saa 24 katika ile mvua kubwa ambayo kila mwaka ina uwezekano wa asilimia 1 wa kunyesha. Vipimo vilivyotolewa 2013 vinaihesabu kuwa zaidi ya inchi 7. Bwawa lenu basi huenda ni dogo kwa mvua za sasa, na ninyi mnataka kuliondoa kabisa. Kulifukia kunahitaji pia idhini ya mji na huenda ya jimbo, na hamtaipata bila kuonyesha maji hayo yatahifadhiwa wapi.

Tutajuaje kama limejaa kweli?

Pimeni. Chukueni mashua ndogo, fimbo ndefu yenye alama za futi na inchi, na kisahani kipana kilichofungwa mwishoni mwa fimbo ya pili. Shusheni kisahani hadi kitue juu ya tope, msome kina. Kisha hapohapo sukumeni ile fimbo ya kwanza hadi igonge udongo mgumu, msome tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo unene wa tope. Rudieni kwa mistari, kutoka ukingo hadi ukingo, mlinganishe na michoro ya ujenzi iliyoko ofisi ya mji. Anzeni na sehemu ya mbele, pale bomba linapomwaga maji. Kama imechimbwa kibwawa kidogo cha kupokea mchanga, kisafisheni kikifika nusu. Kukisafisha hicho ni nafuu kuliko kufukua bwawa zima.

Kagueni pia tuta na bomba la kutolea maji. Miti mikubwa juu ya tuta ni hatari, kwa kuwa mizizi yake ikioza maji hupata upenyo. Na mabomba ya bati ya zamani huliwa na kutu kwa ndani, huku nje yakionekana mazima.

Kwa nini kufukua ni ghali hivyo?

Fanyeni hesabu pamoja. Bwawa la nusu ekari lenye tope la futi moja tu lina yadi za ujazo 807 hivi. Lori la kubeba yadi 12 litakwenda safari 68. Kabla ya lori la kwanza kuondoka, tope lazima lipimwe maabara: shaba, aseniki, na kemikali za lami ya makaa ya mawe iliyokuwa ikipakwa kwenye maegesho na njia za magari. Minnesota ilipiga marufuku lami hiyo kuanzia Januari 2014, lakini mabaki yake bado yamo mabwawani. Tope safi linaweza kutumika popote, la kati huishia kwenye maeneo ya viwanda, na lililochafuka sana hupelekwa jalala maalumu. Hapo ndipo bei hupaa. Kwa hiyo msikubali makadirio ya mkandarasi yeyote kabla ya majibu ya maabara.

Jirani anasema tutie dawa ya kuua mwani.

Dawa ya shaba huua mwani wa leo, na shaba yenyewe hubaki kwenye tope, kisha itawaongezea gharama siku ya kufukua. Kinacholisha mwani ni fosforasi. Ratili moja ya fosforasi inaweza kuotesha hadi ratili 500 za mwani. Zuieni chanzo: fagieni majani na nyasi zilizokatwa kabla hazijaingia mtaroni, na acheni mimea mirefu ya asili iote ukingoni. Ukingo wa namna hiyo pia hauwavutii bata bukini, ambao hupenda nyasi fupi. Fosforasi ikiwa inatoka kwenye tope lenyewe, mtaalamu anaweza kupendekeza alumini salfeti inayoifunga hukohuko chini. Na msitupe samaki wa mapambo majini. Mwaka 2021 mji wa Burnsville ulitoa samaki wa dhahabu wakubwa kupita kiasi katika Keller Lake, na ukawasihi wakazi waache tabia hiyo, kwa sababu samaki hao hufukua tope na kuchafua maji.

Na usalama wa watoto?

Hili nalisema kwa mkazo, hasa kwa sisi tuliokulia kusiko na barafu. Barafu ya bwawa la maji ya mvua haiaminiki. Maji huingia na kutoka chini yake, chumvi ya barabarani huidhoofisha, na karibu na bomba inaweza kuwa nyembamba hata katikati ya Januari. Mtoto asikanyage pale, hata mara moja.

Mwanangu, mimi nimestaafu na kipato changu hakiongezeki. Kwa nini nilipie tope la miaka thelathini?

Mzee wangu, swali lako ni la haki. Waliokaa hapo kabla walitumia bwawa bila kuweka akiba, na deni limewaangukia mliobaki. Ndiyo maana nasimama na wanaotaka mchango mdogo wa kila mwaka: kila kaya hulipia miaka inayoishi hapo, na anayeuza nyumba hamwachii mwenzake deni. Ulizeni pia wilaya yenu ya vyanzo vya maji kama ina ruzuku, maana bwawa likisafishwa ziwa la wote hufaidika.

Basi mkutano ujao tupigie kura nini?

Msipigie kura kufukua wala kutofukua. Pigeni kura mambo matatu: kusoma hati, kupima tope, na kufungua akaunti ya akiba ya bwawa. Yote hayo yanawezekana kabla maji hayajaganda. Mkiwa na vipimo na majibu ya maabara mezani, kikao kinachofuata kitajua cha kuamua.