SAUTI IGUSAYO MOYO
Somo kwa wanakwaya na wote waimbao



Miaka mingi tulipofundisha uimbaji katika chuo cha ualimu, amri yetu ilikuwa moja: "Pazeni sauti!" Siku moja kwaya yetu iliimba mazikoni kwa nguvu zile zile za arusini. Wafiwa walitutazama tu. Hapo tukatambua kwamba tulikuwa tumefundisha maneno, tuni na sauti zote nne, lakini huzuni hatukuifundisha.

Je, hisia hupitaje katika sauti? Pumzi itokayo mapafuni hutikisa nyuzi mbili ndogo zilizo kooni, nasi twasikia sauti. Mwenye furaha huenda mbio kidogo, sauti yake hupanda na kushuka sana, na tabasamu lenyewe huing'arisha. Mwenye huzuni hupunguza mwendo. Sauti hushuka, hulegea, na pumzi husikika ndani yake. Msikilizaji huyatambua hayo hata asipoelewa lugha.

Tumtazame Mahalia Jackson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New Orleans mwaka 1911. Mwezi Aprili 1968 aliimba huko Atlanta katika mazishi ya Martin Luther King. Aliimba wimbo alioupenda marehemu, ambao Thomas A. Dorsey aliutunga mwaka 1932 baada ya kufiwa na mkewe na mtoto wao mchanga. Mahalia hakuwa mtumwa wa mapigo. Aliweza kuivuta silabi moja kupita noti kadhaa, kuguna kwa chini, kisha kupaza sauti palipostahili tu.

Lakini tuangalie: mtu akilia kweli, koo humkaza, asiweze kuimba. Basi mwimbaji huhisi, ila huitawala pumzi yake, apate kubeba kilio cha wengine.

ZOEZI. Chagueni ubeti mmoja wa mazishi mnaoujua vema.
1. Usomeni polepole, kama mnamwambia mfiwa aliyeketi mbele yenu.
2. Angalieni ni wapi mnapovuta pumzi, na neno gani linataka kukaliwa.
3. Uimbeni vivyo hivyo, kila mmoja akimsikia jirani yake.

Wafiwa wale hatuwezi kuwaimbia tena siku ile. Ila tutaitwa kwenye mazishi mengine, nasi twaweza kwenda tumejiandaa.