Usukani wa Gari Lililoinuliwa: Somo la Tao na Vipimo kwa Madarasa ya Juu

Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kufundisha habari za tao, mstari sambamba na upimaji kwa kutumia kitu ambacho watoto wa Nachingwea na Ruangwa wanakiona kila wiki, nacho ni gari la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne lililoinuliwa juu kwa springi ndefu. Mtoto wa huku, kabla hajafundishwa duara, huwa amekwisha kuunda gari lake la waya lenye usukani wa fimbo ndefu. Mwalimu asiyeanzia hapo anaiacha nje ya darasa zana bora aliyonayo.

Hamu ya kubadili mashine ili iimudu ardhi si ngeni katika sehemu hizi. Nachingwea ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, na katika mpango huo hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Siku hizi anayebadili gari ni mwenye gari mwenyewe. Masika yanapochimba makorongo katika barabara za udongo, humwambia fundi aliinue ili tumbo lisikwame. Kuinua ni kazi nyepesi. Kinachosahauliwa ni usukani.

Tuchukue gari lenye ekseli nzima ya mbele na springi za koili, kama Land Rover One Ten iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, au Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotolewa tangu mwaka 1999. Hapo mbele kuna fimbo mbili za chuma zinazokatisha upana wa gari. Fimbo ya usukani hutoka kwenye mkono wa usukani, ulio upande wa chesisi, ikaenda kulisukuma au kulivuta gurudumu. Fimbo ya panhadi, iliyopata jina lake kutoka kampuni ya magari ya Ufaransa, huishikilia ekseli isiyumbe kushoto na kulia. Waliolisanifu gari walizilaza fimbo hizi zikiwa karibu sambamba na zenye urefu unaokaribiana, wala hawakufanya hivyo kwa kupenda mpangilio mzuri tu.

Wanachuo wengi hupenda kuanza somo la namna hii kwa kuandika ubaoni majina ya vipuri na kuwaamuru watoto wayanakili. Hatuoni faida yake. Majina na yaje mwisho, fundi atakapoalikwa shuleni na fimbo zake mkononi.

Somo lenyewe lahitaji ubao, misumari miwili, chaki, rula na fito mbili zilizonyooka, kila mmoja sentimita 90. Pigilia msumari mmoja upande wa kushoto wa ubao. Huo ndio chesisi. Funga ncha ya ufito mmoja hapo, na ncha ya pili, ambayo ndiyo ekseli, iachwe huru. Laza ufito usawa kabisa, tia alama nchani, kisha uteremshe ncha hiyo sentimita 5 na utie alama nyingine. Waulize watoto: je, ncha imeteremka tu, au pia imesogea kuelekea kwenye msumari? Baadhi watajibu kwamba ufito umefupika. Usiwasahihishe kwa maneno. Wape rula waupime ufito wenyewe. Wakisharidhika kwamba urefu haukubadilika, watakuwa tayari kuliona tao.

Kusogea huko ni kama milimita moja na nusu. Sasa anzia mahali ambapo ncha imekwisha kuteremka sentimita 10, kama inavyokuwa gari likiinuliwa kiasi hicho, kisha uteremshe sentimita 5 nyingine. Safari hii ncha itasogea milimita 7. Mwendo wa kwenda chini ni uleule, lakini wa kwenda kando umekuwa mara tano. Mwanachuo ahakikishe hesabu hizi kwa kanuni ya Pythagoras kabla ya kuingia darasani, maana watoto watamuuliza sababu.

Halafu ongeza ufito wa pili chini ya ule wa kwanza, msumari wake ukiwa wima chini ya msumari wa kwanza. Ncha mbili zikiteremshwa pamoja, zitasogea kando kwa kiasi kimoja. Zinaposogea pamoja, gurudumu haligeuki. Baada ya hapo haribu mpango huo kwa makusudi: fito zikiwa zimeinama sentimita 10, teremsha msumari wa ufito wa chini, ule wa usukani, sentimita 10, ili ulale usawa, na ule wa juu uachwe ulivyo. Zikishuka tena sentimita 5, ncha moja itasogea milimita 7 na nyingine moja na nusu tu. Tofauti hiyo ndiyo inayogeuza magurudumu wakati dereva hajausogeza mkono wake. Ndani ya gari lenye abiria na magunia ya korosho, likitua shimoni kando ya korongo, milimita hizo si jambo dogo.

Hapa watoto wataweza kuhukumu kazi ya fundi. Anayerefusha fimbo ili usukani ukae katikati amerekebisha gari likiwa limesimama, lakini hajarekebisha mwendo wa springi. Anayefunga mkono wa usukani mrefu zaidi na kuiacha panhadi mahali pake amefanya kosa tulilolichora ubaoni. Kuna pia mwinamo wa ekseli, unaopungua gari linapoinuliwa na kuufanya usukani usirudi wenyewe baada ya kona. Uma wa mbele wa baiskeli watosha kuueleza, ila huo uwekewe kipindi chake.

Hakuna mtoto anayeruhusiwa kuingia chini ya gari, hata kama fundi ni mjomba wake na jeki ni mpya. Mwalimu asilegeze sharti hili.

Kwa kupima uelewa, chora fito mbili zilizoinama sambamba na umwulize mwanafunzi ni misumari ipi ihamishwe ili zilale usawa. Atakayesema teremsha yote miwili upande wa chesisi, na atakayesema pandisha ncha zote mbili upande wa ekseli, wapewe alama kamili wote. Atakayegusa mmoja tu arudi ubaoni na fito zake.