Rangi ya Maji Si Kina Chake

Mie ni Mkojani. Nikilitaja neno hilo chuoni, wapo wanaocheka kabla sijamaliza sentensi. Kwao, Mkojani si mtu wa kisiwa kidogo cha mashariki ya Pemba, wilaya ya Wete. Ni mvuvi mwenye kikoi kilichopauka, sauti kubwa na lafudhi nzito. Wanasema ni utani tu. Haya basi, tuuchambue: utani huo unajua nini hasa kuhusu mtu?

Tutende haki kwanza. Dalili za nje si uongo siku zote. Ngozi iliyopigwa na jua na chumvi inakwambia kwamba huyu anafanya kazi baharini. Hata sauti kubwa ina sababu: aliyezoea kuitana na wenzake chomboni, upepo ukivuma, hanong'oni. Kosa linaanza pale tunaporuka kutoka "anafanya kazi baharini" hadi "hajui kitu". La pili hatukuliona popote, tumelitia wenyewe.

Chukua mfano wa marehemu Haji Gora Haji, aliyezaliwa kisiwani Tumbatu mwaka 1933. Alikuwa mvuvi, baharia na hamali. Ungepishana naye na mzigo begani, ungemdhania nini? Diwani yake, Kimbunga, ilitoka mwaka 1994, na wasomi wa fasihi bado wanaumiza vichwa juu ya mafumbo yake.

Utani ukishika muhuri huwa jambo jingine kabisa. Wavuvi wa Pemba, Wakojani wakiwemo, miaka mingi wamekwenda dago, yaani kupiga kambi na kuvua mbali na kwao, hadi pwani ya Kenya. Wengine walilowea huko, wakazaa, wakapata wajukuu. Watoto waliozaliwa Kwale na Kilifi waliendelea kuhesabiwa wageni, kwa kuwa asili ya wazee wao ilitazamwa kuliko maisha yao wenyewe. Bila kitambulisho, hata leseni ya uvuvi na akaunti ya benki ni shida. Serikali ya Kenya ilikuja kuwatambua Wapemba kuwa miongoni mwa jamii za nchi hiyo mwaka 2023.

Kwetu nahodha naye hutazama sura ya nje. Maji yaliyokoza rangi humwambia pengine pana kina. Yaliyopauka, pengine pana fungu. Lakini akifika mahali asipopajua, haamini macho peke yake. Anatia bildi, ile timazi ya kupimia kina, ndipo anaamua. Rangi ni dalili, bildi ndiyo ushahidi.

Nasi wasomi tuwe na bildi yetu. Kabla hujamhukumu mtu, jiulize:

1. Nimeona nini hasa kwa macho yangu?
2. Nimeongeza nini kutoka kichwani mwangu?
3. Mwenyewe nimemuuliza?

Zoezi la wiki hii ni dogo. Mkikaa kwenye kundi la kazi ya darasani, angalia nani anapewa kuwasilisha mbele ya mhadhiri, na nani anaambiwa "wewe utachapa tu" kabla hajafungua mdomo. Halafu muulize huyo wa pili anajua nini kuhusu mada, na umwache amalize kusema.